Jinsi ya Kuomba Dhamana Ukishtakiwa kwa Kupatikana na Silaha Bila Kibali

Anza na hati ya mashtaka. Omba nakala, uisome neno kwa neno: kifungu cha sheria, tarehe, mahali, aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi. Bunduki na risasi mara nyingi huwa mashtaka mawili, na dhamana huombwa kwa yote. Ilinganishe na orodha ya vitu vilivyokamatwa, ile iliyotiwa saini siku ya upekuzi. Namba ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, mwambie wakili.

Kisheria, kupatikana na silaha si lazima uwe umeishika. Kwa kawaida upande wa mashtaka unatakiwa kuonyesha kwamba ulijua ipo na kwamba ilikuwa chini ya mamlaka yako. Kwa hiyo usikimbilie kukiri eti kwa sababu bastola ilikutwa chini ya kitanda katika chumba mnacholala watu wanne. Ukikiri, mahakama hukutia hatiani na kwenda moja kwa moja kwenye adhabu.

Ukishakana shitaka, ombi hutolewa papo hapo kwa mdomo, au kwa maandishi pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli. Kwanza wakili ahakikishe mahakama hiyo ina mamlaka ya kutoa dhamana kwa kosa lako, maana kwingine baadhi ya makosa ya silaha hupelekwa mahakama ya juu.

Hapo hakimu haamui kama una hatia. Anapima kama utarudi siku ya kesi, kama utawaingilia mashahidi, na kama kuachiwa kwako kutahatarisha watu. Hilo la mwisho ndilo zito kwenye kesi za silaha, na haliondolewi kwa maneno matupu. Jitolee kukabidhi pasipoti, kuripoti polisi kila wiki, kusalimisha silaha nyingine yoyote iliyosajiliwa kwa jina lako, na kuishi mbali na mlalamikaji.

Mdhamini aje na kitambulisho halisi, uthibitisho wa makazi na hati ya mali au kipato. Jina la kwenye kitambulisho lisipofanana na la hati ya mali, anaweza kukataliwa nawe ukarudi rumande, hivyo awepo mwingine wa akiba. Aelezwe wazi kiasi atakachodaiwa ukitoroka.

Ukinyimwa, omba sababu ziandikwe. Ndizo utakazozipinga mahakama ya juu, au utakazozijibu ukiomba dhamana upya hali ikibadilika, mathalani ripoti ya mtaalamu ikionyesha kuwa silaha hiyo haiwezi kufyatua risasi.