Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Ndege kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam

Umbali wa angani kati ya uwanja wa ndege wa Kigoma na ule wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,080. Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8-Q400, ambayo wengi wetu tunaiita Bombardier, huenda kasi ya kilomita 600 hivi kwa saa, kwa hiyo ukijumlisha muda wa kupaa na wa kutua safari huchukua karibu saa mbili. Ndege ya jeti hupunguza muda huo.

Kabla ya kulipa nauli, hakikisha kama ndege inakwenda moja kwa moja au inapitia Tabora. Tabora iko karibu kabisa na mstari ulionyooka kati ya miji hii miwili, kilomita 350 hivi kutoka Kigoma na 730 kutoka Dar es Salaam, hivyo kupitia huko huongeza kilomita chache tu. Kinachoongezeka ni muda, kwa sababu ndege inapaswa kushuka, kuteremsha na kupakia abiria, kisha kupaa upya. Anayetazama umbali peke yake hukosea hesabu hapo.

Saa zinastahili uangalifu wa pekee, kwani ndizo zinazowakosesha watu ndege. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanzia usiku wa manane: 06:00 ni saa 12 asubuhi, 12:00 ni saa 6 mchana na 18:00 ni saa 12 jioni. Namsihi kila anayemkatia tiketi mzazi wake amwandikie saa hizo kwa Kiswahili kwenye karatasi, na amwandikie pia saa ya kufika uwanjani, ambayo ni vyema iwe saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Anayetoka Bujumbura kupitia Manyovu akumbuke kwamba Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja.

Kuhusu mizigo, soma uzito ulioruhusiwa kwenye tiketi yako na upime nyumbani. Dagaa wakauke vizuri na wafungwe kwa tabaka kadhaa, nayo mawese ni bora kuuliza shirika mapema kuliko kuyaacha kaunta. Kitambulisho kisiwekwe ndani ya begi linalokabidhiwa.

Mwenye miadi ya hospitali jijini, kwa mfano Muhimbili, asiipange siku ileile anayosafiri ikiwa anaweza kutangulia kwa siku moja. Baada ya kutua bado kuna kusubiri mizigo na foleni ya Barabara ya Nyerere, na katika miezi ya masika mvua kubwa huweza kuchelewesha ndege hata kabla haijaondoka Kigoma.