Siku ya mapumziko ziwani Mwanza, na maji yabaki ya kunywa

Mwanza hatuna bwawa la maji lililozungushiwa ukuta na kufungwa geti. Tuna Ziwa Victoria. Mtambo wa Capri Point unavuta maji humo, unayasafisha na kuyapandisha kwenye matangi ya vilimani, ndipo yanashuka kwenye mabomba yetu. Siku hizi na Butimba pana chanzo. Kule Ihelele, wilayani Misungwi, yanavutwa mengine kwenda Shinyanga na Kahama, na bomba limefika hadi Tabora. Mtoto wa Nzega, mkoani Tabora, ambaye huenda hajawahi kuliona ziwa, anakunywa maji hayahaya unayotaka kuogelea Jumapili.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na mwisho wa wiki huwa natoka na watoto kwenda ziwani, wanafunzi wangu pamoja na wanangu wa kuzaa. Wazazi huniuliza, "Mwalimu, twende wapi, na watoto waingie majini au wasiingie?" Haya ndiyo ninayowajibu.

Anza na mahali. Ukiona uzio wa chanzo cha maji au kibao cha katazo, sogea mbali bila kubishana na mlinzi. Usikae pia karibu na Mto Mirongo unapoingilia ziwani, hasa baada ya mvua, kwa sababu unapita katikati ya mji na kubeba kila kilichotupwa mitaroni. Chagua ufukwe wenye choo kinachofanya kazi. Ukifika, kikague choo hicho kabla hujatandika mkeka. Kikiwa kimefungwa, hama. Kama unataka matembezi tu, panda boti pale Capri Point uende Saanane. Zamani kilikuwa kisiwa cha bustani ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Watoto wataona swala na pimbi na watapanda mawe. Mamba wapo, kwa hiyo huko ni kutembea, si kuogelea.

Sasa niseme la choo, maana ndilo wazazi wengi wanalionea haya na ndilo kubwa kuliko yote. Kichocho kinachotusumbua zaidi huku ziwani ni cha tumbo. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa. Yakigusa maji yanaanguliwa, kijidudu kinatafuta konokono, kinakua na kuongezeka ndani yake, na baada ya wiki kadhaa vinatoka vimelea kwa maelfu, kila kimoja kikitafuta ngozi ya mtu. Mtu mmoja aliyejisaidia nyuma ya jiwe, mvua ikasomba, anatosha kuanzisha mzunguko huo. Kwa hiyo mtoto mdogo mbebee poti yake. Kinyesi kinamwagwa chooni, na pampasi zinafungwa kwenye mfuko na kurudi nanyi nyumbani. Hazifukiwi mchangani, kwani wimbi litazifukua. Mtoto mkubwa mpeleke chooni kabla ya kuingia majini, hata akisema hajabanwa.

Kisha wafundishe kumtambua huyo konokono. Nenda penye matete au magugu maji, geuza jani lililolala juu ya maji, utazame upande wa chini. Konokono huyo ni bapa, kahawia, amejiviringisha kama kifungo cha koti, na mara nyingi hazidi sentimita moja na nusu. Tumia kijiti, usitumbukize mkono. Ukimkuta, watoto wasiingie hapo. Usipomkuta, bado huna uhakika, maana vimelea husafiri na maji na huweza kuishi hadi siku mbili hivi. Hakuna ufukwe wa ziwa hili ninaoweza kukuapia kwamba ni salama kabisa. Familia ikiamua kuogelea, basi iwe asubuhi mapema, kwenye maji ya wazi yenye mawimbi, mbali na majani. Vimelea hivyo hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuelekea saa sita mchana. Ukitoka, jifute mara moja kwa taulo, ukisugua hasa. Usikauke kwa jua. Kujifuta kunapunguza hatari, hakuiondoi. Maji yakiwa na utando wa kijani, hakuna kuogelea wala kuchota. Sumu ya utando ule haiondoki hata ukiyachemsha. Maji ya kunywa beba kutoka nyumbani.

Asubuhi inafaa pia kwa mtumbwi. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana ukigeuka na kuvuma kutoka ziwani, mawimbi yanaanza kupiga. Msimu wa mvua, radi nyingi hupiga usiku na alfajiri, kwa hiyo usiondoke kabla hujatazama mawingu na kumuuliza nahodha anaionaje hali. Kila mtu avae jaketi okozi na alifunge kamba zote akiwa bado nchi kavu. Nimeona watu wakilikalia, na inaniuma kila nikiona. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Ukaribu wa nchi kavu haukuwaokoa. Chombo kikijaa, shuka, nauli itarudi siku nyingine.

Wanaopenda kuvua kwa ndoano wapite kwanza kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, wa mwalo husika waulize utaratibu. Badala ya risasi ya kuzamishia ndoano, funga kijiwe. Nailoni iliyokatika iokote yote, hata ile iliyonasa kwenye jiwe. Ndege kama mnandi akijizongea nayo miguuni hafi leo, hufa kwa njaa polepole.

Sabuni isiingie ziwani. Kuoga, kuosha vyombo, kusafisha bodaboda, yote yafanyike mbali kwa ndoo. Mimi hutumia mita 60, kipimo ambacho Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekiweka kulinda kingo za maziwa. Ni hatua 80 hivi za mtu mzima. Maji machafu yamwage kwenye udongo huko huko. Mbolea iliyomo kwenye uchafu wetu ndiyo inayonenepesha magugu maji, ambayo yalionekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980 na hadi leo yanaziba mialo. Takataka hurudi na aliyezileta.

Kama mliingia majini, andika tarehe kwenye kalenda. Baada ya wiki sita hadi nane nendeni zahanati mkapime choo, hata kama hakuna anayeumwa. Kichocho huweza kukaa tumboni muda mrefu bila dalili, kikiharibu ini. Dawa ipo, hutolewa kwa kadiri ya uzito au urefu wa mtu, kwa hiyo msigawane vidonge nyumbani kwa kukisia. Na mwambie daktari ni ufukwe gani mliogelea.