Kuhesabu mapigo ya moyo: umekaa, na baada ya kupanda mchanga

Kila wiki naulizwa, "Sista, moyo wangu unaruka, nihesabu vipi?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Kaa dakika 5. Kahawa chungu ingoje.

2. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usishikie gumba, lina mapigo yake.

3. Hesabu dakika NZIMA. Hapa ndipo nilipokosea. Mzee mmoja nilimhesabia sekunde 15, nikazidisha kwa 4, nikaandika 64. Daktari akasikiliza kifuani dakika nzima, akapata 82. Moyo wa mzee ulikuwa ukipiga mapigo ya mapema. Pigo la mapema hukuta chumba cha moyo hakijajaa, damu inayotoka ni haba, na mkononi husikii kitu. Nusura apangiwe dawa kwa namba yangu. Mapigo yasiyo na mpangilio usiyazidishe kwa lolote!

4. Panda kilima cha mchanga kule Shela, hapa Lamu, simama, hesabu papo hapo. Hapa sekunde 15 zinatosha kama mapigo yamepangika, maana hushuka upesi. Mwenye maumivu ya kifua asipande.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Nimepata 140 nimekaa, kwa gumba. Nitakufa?

Soma hatua ya 2. Hesabu upya.

Binti Shela: Sista, moyo ukienda mbio haupati muda wa kujaa. Mbona hauishiwi nguvu?

Swali zuri mno, mwanangu. Kwa mapigo 60 kila pigo lina sekunde 1. Kwa 120, nusu tu, na muda wa kujaa ndio unaokatwa zaidi. Lakini msuli wenyewe hukaza zaidi. Mwaka 1871, kule Leipzig, Henry Bowditch aliusisimua moyo wa chura kwa umeme mfululizo; kila pigo likalizidi kidogo la kabla yake, kama mtu apandaye ngazi. Kila pigo huingiza kalsiamu ndani ya seli. Mapigo yakikaribiana haiwahi kutoka yote, akiba inapanda. Kwa moyo uliodhoofika, ngazi hiyo huwa fupi, pengine hata hushuka.

Binti Shela: Na ule mshindo baada ya moyo kuruka pigo?

Baada ya pigo la mapema moyo hutua kidogo. Chumba hujaa zaidi, kalsiamu iliyowekwa hutoka kwa wingi, pigo linalofuata linagonga hadi ulisikie kooni.

Mkazi wa Faza: Baba ana betri ya moyo (pacemaker), imewekwa isiache mapigo yashuke chini ya 60 kwa dakika. Mimi napata 48.

Umehesabu dakika nzima, kaka? Kama ndiyo, huenda ni mapigo ya mapema yasiyofika mkononi, huenda ni betri. Mkononi huwezi kutofautisha, apelekwe akapimwe. Akishikwa na kizunguzungu au akizimia, msingoje boti ya asubuhi.