Tope la majitaka shambani: pima mita 60 kwanza
Wenye mashamba ya alizeti huku Dodoma mnaochukua tope la majitaka lililotibiwa na kukaushwa, kabla ya kumwaga pimeni mita 60 toka ukingo wa mto au bwawa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuchafua ndani ya hapo, na korongo kavu lihesabuni hivohivo maana mvua za Desemba zikishuka linakuwa mto kabisa. Halafu tope lifukieni siku hiyohiyo, udongo unashika fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye tope, isisombwe na mvua. Ila naitreti, kirutubisho kingine cha humo chenye nitrojeni, haishikwi, inazama na maji, kwa hiyo kwenye kichanga karibu na kisima, hasa kule Makutupora kwenye visima vya maji ya mji, kufukia hakusaidii, msimwage hata kidogo jamani.