Malindi ama Lamu panafaa data senta? Kagua hivi kabla hujanunua kiwanja

Naandika hii mara moja sababu nimechoka kujibu inbox swali lile lile, na kila swali linakuja na picha ya kiwanja kinachotazama bahari. Someni mpaka mwisho ndio muulize.

1. Jua lodi yako, yaani umeme utakaohitaji. Seva, zile kompyuta za kuhifadhi data, zitakula kilowati ngapi? Kilowati hamsini na kilowati elfu moja ni biashara mbili tofauti.

2. Ardhi. Upekuzi ofisi ya ardhi, halafu uende kwa wazee wa mtaa uulize nani analima pale na nani kazikwa pale. Pwani hii hati inaweza kuwa ya mtu mmoja na ndani wanaishi wengine kizazi cha tatu. Muuzaji akikuharakisha, achana naye.

3. Umeme. Laini kubwa ya kilovolti 220 inatoka Rabai, inaingia Malindi, inaenda Garsen mpaka Lamu. Sasa usiridhike na kuambiwa stima ipo. Uliza laini gani ndogo itakulisha wewe, inatoka stesheni gani, mwaka uliopita ilizimika mara ngapi na kwa muda gani, na upewe kwa maandishi. Halafu pigia hesabu giza refu: Agosti 25, 2023 nchi ilizima karibu yote mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Jenereta inakunywa kama lita 270 kwa saa kwa kila megawati, kwa hivyo hata lodi ya kilowati 500 ni zaidi ya lita 3,000 kwa siku, na mafuta yanakuja na lori, barabara ikikatwa na mvua je? Tangi la saa 48 Malindi ndio pa kuanzia. Lamu mimi ningeweka mara mbili.

4. Maji. Ya Malindi yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki na ndiyo hayo hayo yanagawanywa mpaka Mombasa. Pooza mitambo kwa viyoyozi visivyotumia maji, maji waachie watu.

5. Faiba. Hapa ndipo miradi inazama, kwa hivyo tulieni.

Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS, SEACOM, EASSy, LION2, PEACE, zote zinatua Mombasa. Kutoka Malindi ni kama kilomita 120 na mwanga ndani ya faiba unakimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kwenda na kurudi ni milisekunde moja na kidogo. Umbali si shida kabisa. Shida ni njia. Utaletewa kotesheni za kampuni mbili, nembo tofauti, bei tofauti, kila moja imeandika kuwa ni njia mbadala. Kuna mradi nilikuwepo ramani mbili zilipolazwa mezani moja juu ya nyingine, laini zote zikafuata barabara ile ile na kuvuka maji kwenye daraja lile lile, kumbe mmoja alikuwa amekodi nyuzi za mwenzake. Tingatinga moja la barabara likichimba vibaya umezimika kote kuwili na bili mbili unalipa.

Kwa hivyo: dai ramani ya KMZ, faili linalofunguka Google Earth, si mchoro wa PDF wenye mishale. Uliza kwa jina, mnavuka wapi mkondo wa Mtwapa? Wa Kilifi je? Uliza nyuzi ni zao ama wamekodi, na wamekodi kwa nani. Chukua pikipiki ufuate vifuniko vya mashimo na nguzo kutoka kiwanjani kwenda nje, usikubali kuonyeshwa kwenye skrini peke yake. Kwenye mkataba iandikwe hawahamishi njia bila kukuarifu, sababu njia mbili za leo zinaweza kuwa moja mwakani na usijue. Njia ya pili itafute upande wa bara, laini kubwa za umeme kwa kawaida hubeba faiba ndani ya waya wa juu kabisa, nenda kaulize Ketraco, kampuni ya serikali ya laini hizo. Na ndani ya kiwanja ziingie pande mbili tofauti za jengo tafadhali, nimeona watu wakimaliza yote haya halafu wanapitisha nyaya zote shimo moja getini.

Ukikosa njia mbili za kweli simama hapo, usiendelee na hatua ya 6.

6. Joto na chumvi. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe nyuzi 18 mpaka 27. Mchana wa Malindi hauko hapo, na unyevu juu yake, kwa hivyo habari ya kupooza kwa hewa ya nje sahau. Chumvi ndio mbaya zaidi. Nenda kwa jirani aliye karibu na ufuo utazame kiyoyozi chake nyuma, yale mapezi ya alumini ukiyagusa yanabaki unga kidoleni. Ning'iniza vipande vya shaba na fedha mwezi mmoja wakati wa kusi upeleke maabara: kutu ya shaba ikiwa chini ya angstromu 300 (kipimo kidogo sana cha unene) kwa mwezi na fedha chini ya 200, hewa ni salama kwa mitambo. Mimi ningetafuta Ganda ama Kakuyuni ndani barani kabla ya Casuarina ya ufuoni.

7. Vibali. NEMA ya mazingira, kaunti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtafute wakili.

Msimamo wangu: Malindi inafaa kituo kidogo, nakala ya akiba ya Mombasa, data za hospitali, hoteli na kaunti. Kikubwa bado.

MASWALI

kijana_wa_barani: Si kuna sola Langobaya hapo, stima si itakuwa ya bure?

Bure nimeandika wapi? Langobaya ni megawati 52 za paneli na inauzia gridi. Usiku haizalishi, na gridi ikizima nayo inajitoa. Rudi hatua ya 3.

mwekezaji254: Nina plot Casuarina first row, nikutumie picha?

Hapana. Hatua ya 6.

mwalimu_langoni: Assalaam aleikum kaka. Sisi ni shule tu hapa Lamu, seva moja na swichi mbili kwenye nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene. Betri za UPS hazimalizi miaka miwili na pawasaplai zinaungua. Tunakosea wapi?

Waaleikum salaam mwalimu, swali zuri sana hili. Ukuta mnene unachelewesha joto lakini mawe na chokaa vinavuta unyevu, kwa hivyo raki, kabati la seva, isiguse ukuta, acha nafasi ya mkono. Dirisha lifungwe muda wote, kiyoyozi kidogo kifanye kazi ya kukausha hewa. Betri za risasi zimepimwa kwa nyuzi 25, kila nyuzi 8 mpaka 10 zikizidi maisha yanakatika nusu, itoe UPS juu ya raki uishushe sakafuni kwenye ubaridi, juu ya ubao. Na pawasaplai zilizoungua zifungue utazame kama kuna mjusi.

fundi_shela: Mijusi kweli! Wanafuata joto. Mimi naziba matundu na wavu wa mbu wa chuma cha pua, ule wa kawaida unaoza.

Ahsante fundi, mwalimu chukua hiyo. Ila matundu ya feni usiyazibe.

dada_wa_kilifi: Microsoft na G42 walitangaza data senta Olkaria 2024. Kwa nini mtu aje pwani basi?

Kule walifuata mvuke wa ardhini, umeme uko mlangoni. Pwani unafuata nyaya za baharini na watumiaji wa hapa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika intaneti ikawa nzito nchi nzima, lakini kilichohifadhiwa nchini hakihitaji kuvuka bahari. Ukiweka hapa, ujiunge na KIXP, pale kampuni za intaneti za nchini zinapobadilishana data, wana kituo Mombasa.

dada_wa_kilifi: Nimekuelewa. Na kampuni ikikataa kutoa KMZ?

Waambie utasaini mkataba wa kutunza siri, wengi hapo wanatoa. Akikataa tena, kwenye hesabu zako mhesabu kama anapita njia ya mwenzake, na bei umlipe ya hivyo.