Boga linatoa maua tu halafu yanadondoka?

Jamani msing'oe maboga yenu eti yamegoma kuzaa. Mmea mmoja unatoa maua dume na maua jike, na dume ndo hutangulia kwahiyo yale ya mwanzo kudondoka ni kawaida kabisa. Cheki chini ya ua, jike lina kiboga kidogo cha mviringo, dume lina kikonyo chembamba tu. Sasa kama viboga vinageuka njano vinaoza vikiwa bado vidogo, mara nyingi ni nyuki hawajapita kutoa unga wa dume kupeleka kwa jike, we amka mapema maua yakiwa wazi maana mchana yanafunga, chuma dume, toa petali, pakaza ule unga wa njano katikati ya jike. Na mbolea ya yurea punguza bwana, ukizidisha utavuna majani (mboga tamu lakini 😂).