Namna ya kuchagua huduma ya muziki mtandaoni kabla hujalipia

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe, na wateja huniuliza mara kwa mara kama walipie Spotify, Boomplay, Apple Music au Audiomack. Usihangaishwe na mamilioni ya nyimbo yanayotangazwa; chunguza kama nyimbo zako wewe zimo, na kama bando lako litazihimili.

Hatua ya kwanza: andika nyimbo ishirini unazozisikiliza kweli, na nusu yake ziwe za zamani, kwa kuwa Bongo Fleva mpya hupatikana karibu kila mahali na haitakusaidia kutofautisha huduma moja na nyingine. Pakua programu, kisha zitafute zote bila kulipa. Tumia zaidi ya jina moja: kazi za Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970, kwa mfano, zinaweza kuwa chini ya jina lake, la Morogoro Jazz, au la Super Volcano, bendi aliyoiunda baadaye, na anayeandika jina moja tu atadhani hazipo. Ukiupata wimbo, usikilize hadi mwisho. Santuri nyingi za enzi hizo ziligawa wimbo mmoja pande mbili, hivyo unaweza kukuta upande wa kwanza peke yake, muziki ukikatika pale pale chemko, yaani sehemu ya wimbo inayochangamka, linapokaribia.

Hatua ya pili: piga hesabu ya bando. Ubora wa sauti hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde: zikiwa nyingi, data nyingi zaidi huliwa. Wimbo unaochezwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 43 kwa saa; kwa kilobiti 160 ni 72, na kwa kilobiti 320 ni 144. Anayesikiliza saa mbili kwa siku kwa kiwango hicho cha juu atamaliza zaidi ya gigabaiti 8 kwa mwezi, gharama ambayo huenda ikazidi ada ya huduma yenyewe. Fungua mipangilio ya ubora wa sauti na uweke kiwango cha chini kwa data ya simu, cha juu kwa Wi-Fi pekee. Kwa spika ndogo ya simu, tofauti ya viwango hivyo ni vigumu kuisikia, na muziki usiopunguzwa ubora waachie wenye vifaa vya kuutendea haki.

Hatua ya tatu: elewa maana ya kupakua. Wimbo uliopakuliwa Spotify au Apple Music hukaa ndani ya programu, nawe unaacha kuusikia usajili ukiisha. Spotify hukutaka pia uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Mdundo, iliyoanzia Kenya, hukupa faili la MP3 unaloweza kulihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu na kulicheza kwenye redio ya gari. Kwa safari ndefu zisizo na mtandao, mimi napendelea njia hiyo. Tena, usajili wa kawaida ni wa matumizi binafsi, si wa ukumbini wala baa.

Hatua ya nne ni malipo. Angalia kama wanapokea pesa za simu au kadi tu, na kama kuna kifurushi cha familia au cha mwanafunzi. Ukianza majaribio ya bure, soma kwanza masharti ya kughairi: baadhi ya huduma hukufungia papo hapo unapoghairi, nyingine hukuacha umalizie muda wako. Kwa zile za kundi la pili, ghairi siku hiyo hiyo unayojiunga.